Mgeni Ajaye kwa Simu: Mwenye Nyumba Amchuje Vipi?

Katika mitaa yetu ya pwani, kuanzia Mji Mkongwe wa Unguja hadi Mombasa na Dar es Salaam, imezuka biashara ambayo babu zetu wasingejua waipe jina gani. Mtu ana chumba kilichobaki wazi baada ya binti kuolewa, au ghorofa ya juu iliyokuwa ya marehemu mume. Mwanawe anakipiga picha chumba hicho, anakiweka mtandaoni, na baada ya siku chache mtu wa Uholanzi, Nairobi au Mwanza anaomba kulala humo kwa siku nne. Hawajaonana, wala hawana ndugu au jirani wa kuwaunganisha. Kilicho baina yao ni jina, picha ndogo ya duara na ujumbe wa mistari mitatu. Kwa mistari hiyo mitatu mwenye nyumba hutakiwa aamue, kwa kawaida ndani ya saa 24, kama mtu huyo atalala chini ya paa moja na watoto wake.

Wenye nyumba kadhaa katika mtaa wetu, na wengi wao ni akina mama wajane, wamekuwa wakiijia kamati ya msikiti na maswali juu ya jambo hili. Aghalabu maswali yao ni ya namna mbili. Wapo wenye hofu: wamesikia habari za nyumba zilizoibiwa na za watu waliouawa, na wanataka kujua mlango ufungwe kwa kiasi gani. Na wapo wenye mashaka ya dhamiri: wamemkataa mgeni kwa sababu ya jina lake, au nchi yake, au rangi yake katika ile picha, kisha usiku wakajiuliza kama wametenda haki. Sisi tunaona kwamba maswali haya mawili yana mzizi mmoja, na kwamba anayelijibu la kwanza vizuri huwa amekwisha kulijibu na la pili.

Uchujaji wa wageni haukuzaliwa na simu. Msafiri wa zamani alibeba barua, na hadi leo Tanzania Bara mtu anayetaka huduma fulani hutakiwa alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake. Zanzibar mgeni hutarajiwa ajulikane kwa sheha. Sisi katika kamati huandika barua za namna hiyo karibu kila wiki: fulani bin fulani ni muumini wetu, twamfahamu, mpokeeni. Na nyumba za kulala wageni, hata zile zilizo kando ya stendi za mabasi, zina kitabu kikubwa chenye safu za jina, kabila, kazi, atokako na aendako, ambacho mgeni hukijaza akiwa bado ameshika begi. (Kwa nini kabila liulizwe na kitasa cha choo kisitengenezwe, hilo twawaachia wenye nyumba hizo.)

Huko Ulaya, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzishwa mwaka 1949 jumuiya ya wapenda amani ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Servas. Wanachama wake walilazana majumbani bila malipo, ila msafiri hakuanza safari mpaka ahojiwe na mjumbe wa jumuiya katika nchi yake na apewe barua ya utambulisho. Mwaka 2004 ukazuka mtandao wa Couchsurfing, nao ukaishika hekima ileile kwa njia nyingine: mwanachama aliweza kumdhamini mwenzake, lakini hakuruhusiwa kudhamini mpaka yeye mwenyewe awe amedhaminiwa na watu watatu. Msomaji aliyepitia elimu ya Hadithi hatashangaa. Wanazuoni wetu walikwisha kutufundisha kwamba habari hupimwa kwa aliyeileta, na aliyeileta hupimwa kwa ushuhuda wa waliomjua.

Biashara ya leo, ambayo jina lake kubwa ni Airbnb, ilianza San Francisco mwezi Oktoba 2007, pale vijana wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, walipobanwa na kodi ya nyumba wakawalaza wageni watatu wa mkutano wa wasanifu juu ya magodoro ya upepo. Mwaka uliofuata, pamoja na Nathan Blecharczyk, wakaifanya kampuni. Hapo mwanzo dhamana ilikuwa picha, jina, na imani kwamba watu wengi ni wema. Imani hiyo si potofu, kwani watu wengi ni wema kweli. Lakini mwaka 2011, katika mji uleule, mwanamke mmoja alirudi kutoka safari akakuta nyumba yake imevurugwa vibaya na mlango wa kabati alilolifunga umetobolewa. Pasipoti, fedha na vito vya bibi yake vilikuwa vimechukuliwa. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni iliomba radhi hadharani na kutangaza dhamana ya dola 50,000 kwa mwenye nyumba atakayeharibiwa mali, na mwaka 2012 ikaipandisha kufikia dola 1,000,000. Anayesoma kanuni za uchujaji za leo ajue kwamba nyingi ziliandikwa baada ya msiba.

Mchujo wenyewe huanza kabla mgeni hajaandika neno. Mwenye nyumba huchagua kama tangazo lake litamruhusu mtu kujiwekea nafasi papo hapo, au kama kila anayetaka chumba ni lazima aombe kwanza. Njia ya kwanza huleta wageni wengi zaidi, na kampuni huipenda. Njia ya pili humpa mwenye nyumba zile saa 24 za kufikiri. Kwa mtu anayeishi ndani ya nyumba hiyohiyo pamoja na familia, sisi hatuoni sababu ya kuharakisha, aombwe, ajibu. Hata anayechagua njia ya papo hapo anaweza kuweka sharti kwamba mgeni awe amekwisha kulala kwa wengine bila kuacha malalamiko.

Hatua ya pili ni kusoma maoni ya wenyeji waliotangulia, na hapa wengi husoma vibaya. Huangalia nyota. Nyota zina faida ndogo, kwa sababu watu huona haya kumnyima mgeni nyota kama wanavyoona haya kumwambia mpishi kwamba wali umeungua. Yasomwe maneno. Mwenyeji akiandika kwamba mgeni “alikuwa sawa” na asiongeze kitu, pana jambo hapo. Akiandika kwamba aliacha jiko safi na alimsalimu bibi kila asubuhi, huo ni ushahidi. Tangu mwaka 2014 kampuni huyaficha maoni ya pande zote mbili mpaka wote wawili wawe wameandika, au mpaka siku 14 zipite, ili mmoja asilipize kisasi kwa alichosoma. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini hufaa tu pale wenyeji wanapoandika ukweli. Mwenye nyumba anayemsifu mgeni aliyemvunjia vyombo, kwa kuwa hataki maneno, amemtupia mzigo mjane wa mtaa mwingine.

Kisha huja mazungumzo, na hapa ndipo penye kazi. Tumewashauri wenye nyumba wetu wawe na ujumbe mmoja, uleule kwa kila anayeomba, na maneno yake yawe mfano wa haya: “Karibu sana. Nyumba yetu ni ya familia, na mama yetu anaishi ghorofa ya chini. Tafadhali tueleze mko wangapi, mnakuja kwa shughuli gani, na mtafika saa ngapi. Je, mmeyasoma masharti ya nyumba na mnayakubali?” Maswali manne, hakuna la kumuudhi mtu. Anayekuja kwa wema hujibu yote manne na pengine huongeza lake, kama vile kuuliza soko liko wapi. Anayeficha jambo hujibu moja, aghalabu lile la saa, na kuuliza kama bei inaweza kupunguzwa.

Zipo dalili ambazo wenyeji wenye uzoefu, hapa na ng’ambo, huziangalia. Mtu anayetaka kulipa nje ya mtandao, kwa mkono au kwa simu, ili “tuepuke makato”: huyu asikubaliwe kamwe, kwani malipo yakipita nje, dhamana zote nazo zimebaki nje. Mkazi wa mji huohuo anayetaka nyumba nzima kwa usiku mmoja wa Jumamosi. Akaunti iliyofunguliwa jana. Mtu anayeuliza kwanza kama kuna majirani karibu. Lakini dalili si hukumu. Mkazi wa mji huohuo huenda nyumba yake imekatika maji na ana mtoto mchanga. Akaunti mpya huenda ni ya mzee ambaye kwa mara ya kwanza amewekewa mtandao na mjukuu. Dalili humpa mwenye nyumba haki ya kuuliza swali jingine, na jibu la swali hilo ndilo la kupimwa.

Hata hivyo swali zuri nalo linaweza kujibiwa kwa uongo. Mwezi Oktoba 2019, katika mji mdogo wa Orinda, California, mwanamke aliomba nyumba kubwa kwa usiku mmoja wa tarehe 31, ambayo huko ni siku ya Halloween. Alisema anakuja na jamaa zake wapatao 12 wenye pumu, wanaokimbia moshi wa mioto ya misitu. Mioto ilikuwepo kweli na moshi ulikuwepo kweli. Mwenye nyumba alikuwa na shaka, akamkumbusha kwamba sherehe haziruhusiwi, kisha akakubali. Usiku ule walikusanyika watu zaidi ya 100, risasi zikapigwa, na watu 5 wakafa. Siku chache baadaye kampuni ilitangaza kupiga marufuku nyumba za sherehe. Agosti 2020 ikapiga marufuku sherehe zote duniani katika nyumba zake, na Juni 2022 ikaifanya kanuni hiyo kuwa ya kudumu.

Tumeitaja Orinda kwa sababu inaonyesha mahali ambapo shaka ya mwenye nyumba ilistahili kugeuzwa kuwa masharti. Usiku mmoja, siku ya sherehe, nyumba nzima, kundi kubwa: wenyeji wengi leo huweka kanuni kwamba katika tarehe kama hizo hawapokei mtu kwa pungufu ya siku mbili au tatu. Kanuni hiyo haimtuhumu yeyote. Haiulizi mgeni ni nani wala hadithi yake ni ya kweli kiasi gani. Inawarudisha tu wale ambao nia yao ni usiku mmoja. Kwetu sisi tarehe za namna hiyo ni mkesha wa mwaka mpya, na tuseme kwa masikitiko, sikukuu zetu wenyewe za Idi, ambazo baadhi ya vijana wameshazifanya siku za muziki na fujo.

Jirani zetu wa Kenya walipata msiba wa namna nyingine. Mwezi Januari 2024 wanawake wawili vijana waliuawa jijini Nairobi, katika matukio mawili tofauti, ndani ya nyumba zilizokodishwa kwa siku. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu waliandamana katika miji kadhaa ya nchi hiyo kupinga mauaji ya wanawake, na mamlaka za utalii zikawataka wenye nyumba za aina hiyo wajisajili. Tunawaomba wasomaji walitazame hili kwa makini, kwa kuwa linageuza mazungumzo yote. Mwenye nyumba huzoea kudhani kwamba anachuja ili kulinda makochi na televisheni yake. Nairobi ilionyesha kwamba anayehitaji kulindwa anaweza kuwa ni mgeni mwenyewe, au yule aliyeletwa na mgeni. Kumjua aliyeweka nafasi hakutoshi. Watu wote watakaolala ndani wajulikane kwa majina na vitambulisho, na awepo mtu wa kuwapokea mlangoni, awaone kwa macho. Ule mtindo wa kuacha ufunguo ndani ya kisanduku chenye namba za siri, ili mgeni aingie na kutoka bila kuonana na mtu, ni raha kwa mwenye nyumba aliye safarini, na ni raha zaidi kwa mwenye nia mbaya.

Kwa upande huu nyumba za mitaa yetu zina nguvu ambayo ghorofa za kisasa hazina. Barazani pana wazee, dukani pana mtu anayeona kila anayepita, na bibi wa chini hata usiku husikia viatu vingapi vimepanda ngazi. Mgeni akiambiwa mapema kwamba nyumba iko hivyo, mwenye sherehe moyoni hujiondoa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lile lingine, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Benjamin Edelman, Michael Luca na Dan Svirsky, walituma maombi kwa wenye nyumba wapatao 6,400 katika miji mitano ya Marekani. Maombi yalikuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa jina: mengine yalikuwa na majina yanayojulikana kuwa ya Wazungu, mengine majina yanayojulikana kuwa ya Wamarekani weusi. Wa kwanza walikubaliwa karibu mara 50 katika 100, wa pili karibu mara 42. Mwaka 2016 Wamarekani weusi wengi walijitokeza hadharani kusimulia jinsi walivyokataliwa vyumba ambavyo dakika chache baadaye vilionekana kuwa wazi. Mwaka 2017 mwenye nyumba mmoja wa California, aliyemfungia mlango mwanafunzi wa sheria kwa sababu ya asili yake ya Asia, alikubali kulipa dola 5,000 na kusoma kozi juu ya historia ya watu aliowadharau.

Kampuni ilijibu kwa hatua. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2016 kila mtumiaji alitakiwa kukubali ahadi ya kutobagua kwa rangi, dini, taifa, jinsia na mengineyo. Tangu Oktoba 2018 mwenye nyumba haoni picha ya mgeni mpaka awe amekwisha kumkubali. Wapo wenyeji walionung’unika kwamba wamepofushwa. Sisi tunauliza: picha ile iliwaambia nini? Mwizi hana uso wa wizi. Msomaji yeyote mwenye jina la Muhammad au Khadija, ambaye yeye au ndugu yake amewahi kutafuta chumba ng’ambo, anajua jinsi ilivyo kupimwa kwa jina kabla hujafungua mdomo. Haifai tulalamike tunapofanyiwa na tufanye tunapopata nafasi. Na tumewasikia kwa masikio yetu wenye nyumba wa hapa wakisema hawapokei watu wa nchi fulani ya jirani, au wa kabila fulani, au hata Waafrika wenzao, kwa hoja kwamba Mzungu haibi mashuka.

Watafiti wengine waliolifuatia suala hili walikuta jambo lenye faida kubwa kwa mada yetu. Mgeni alipokuwa na maoni mema hata ya mwenyeji mmoja tu aliyemtangulia, pengo baina ya majina ya watu weusi na ya Wazungu lilikaribia kutoweka. Maana yake ni kwamba wengi wa wale wenye nyumba hawakuwa na chuki ya kudumu. Walikuwa hawana habari, wakaliziba pengo la habari kwa dhana. Ndiyo sababu tulisema maswali yale mawili yana mzizi mmoja. Anayeuliza maswali manne na kusoma maoni hana haja ya kulitazama jina. Anayelitazama jina mara nyingi hakuuliza chochote, na mlango wake uko wazi kwa mwizi yeyote mwenye jina zuri.

Limebaki suala la masharti ya Muislamu katika nyumba yake, na hapa tutasema waziwazi kwa kuwa wengi hulizunguka. Mengi yanaruhusiwa. Mwenye nyumba anaweza kukataza pombe na sigara ndani. Anaweza kutaka jiko lake liheshimiwe: kanuni zile za mwaka 2016 zilitoa mfano wa jiko la Mayahudi wanaoshika sheria ya chakula na jiko la wasiokula nyama, na mwenye jiko la halali yuko katika hali hiyohiyo. Mama anayeishi peke yake na kushiriki sebule, jiko au choo na mgeni anaweza kutangaza kwamba anapokea wanawake tu, na hapaswi kuona haya kwa hilo. Lakini kampuni inakataza kumbagua mgeni kwa hali yake ya ndoa, na wapo kwetu wanaodai cheti cha ndoa mlangoni, baada ya kumkubali mgeni na fedha kuwa zimeshalipwa. Hilo si sawa kwa pande zote mbili. Aliyeingia katika mtandao amekubali mkataba, na Muislamu hufungwa na sharti alilolikubali. Asiyeweza kukaa na sharti hilo, nasi hatumlaumu hata kidogo, ana njia nyingine: apangishe kwa mwezi, au apokee familia zinazojulikana kupitia jamaa na misikiti, ambapo mkataba ni wake na masharti ni yake. Kusimama katikati, mtandaoni kwa kipato na mlangoni kwa kanuni nyingine, ni kumdhulumu msafiri aliyeshuka na mizigo saa nne za usiku.

Mambo mengine hayamo katika kanuni za San Francisco. Mama mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya sala ya Alasiri, simu mkononi. “Mwanangu,” akasema, “huyu kijana yuko Maskati. Anataka chumba kwa ajili ya mama yake atokaye Tanga kuja kutibiwa Muhimbili. Jina ni lake, lakini atakayelala ni mwingine. Wajukuu wananiambia mtandao haukubali. Nami nitamkataaje mgonjwa?”

Wajukuu walikuwa wamesoma vyema. Kwa kawaida mtandao hauruhusu mtu kuweka nafasi kwa ajili ya mwingine katika safari ya binafsi, kwa sababu aliyethibitishwa siye atakayelala, na likitokea jambo, dhamana huyumba. Lakini nani miongoni mwetu hajawahi kulipiwa safari na ndugu aliye ughaibuni? Mtoto aliye Maskati kumtafutia mama yake mahali pa kulala Dar es Salaam ndiyo sura ya kawaida kabisa ya familia zetu. “Bi mkubwa,” tukamwambia, “usimkatae, ila usimkubali kwa jina hilo. Muulize ni nani anayemsindikiza mgonjwa.” Ilikuwa ni binti yake. Binti akafungua akaunti yake, akathibitisha kitambulisho chake cha Taifa, akaomba chumba kwa jina lake na kutaja kwamba anakuja na mama yake. Kaka yao akatuma fedha kwa dada badala ya mtandao. Kazi yote haikuzidi saa moja. Wenye nyumba walio karibu na hospitali kubwa watakutana na wageni wa namna hii kila wiki, na ni vyema wawe na maelezo hayo tayari, kwani mgonjwa aliyekataliwa usiku hana muda wa kusoma kanuni.

La mwisho ni vitambulisho vyenyewe. Mwenye nyumba atakayehitaji kuona pasipoti au kitambulisho aseme hivyo ndani ya tangazo, kabla mtu hajalipa, ili mgeni asishtukizwe. Akishakiona, akiandike katika daftari kama zifanyavyo nyumba za wageni. Picha ya pasipoti iliyobaki katika simu ni hatari kwa mwenye pasipoti na kwa mwenye simu: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili humgusa hata mwenye vyumba viwili. Tunasema haya kwa sababu yapo makundi ya WhatsApp ya wenye nyumba ambamo picha za wageni na vitambulisho vyao huzungushwa pamoja na maneno “huyu msimpokee”. Pengine aliiba kweli. Pengine aligombana na mwenye nyumba juu ya maji ya moto. Asomaye hajui, na aliyetajwa hana pa kujitetea. Malalamiko yapelekwe kunakohusika, polisi au kampuni, na ukweli uandikwe katika maoni, ambako mgeni naye ana nafasi ya kujibu. Na kamera za ndani, ambazo baadhi walizifunga sebuleni wakidhani ni ulinzi, kampuni imezipiga marufuku tangu tarehe 30 Aprili 2024. Dini yetu ilikwisha kukataza kupelelezana kabla ya kamera kuwepo.

Kamati itakaa na wenye nyumba wanaopokea wageni kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya Isha, katika chumba cha madrasa, akina mama kwa upande wao. Waje na simu zao na masharti ya nyumba zao yakiwa yameandikwa. Vijana wetu wawili watasaidia kuyaweka kwa Kiingereza, maana mgeni wa Uholanzi hawezi kulaumiwa kwa sharti aliloandikiwa kwa lugha asiyoijua. Barua za utambulisho kwa wasafiri wa mtaa wetu zitaendelea kutolewa, ila kuanzia sasa muombaji afike mwenyewe, pamoja na wajumbe wawili wanaomfahamu.